Mtu na Nafasi Yake: Maisha na Kazi ya Mwanajiografia Milton Santos

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wetu wa jiografia, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kusikiliza habari za mtu ambaye pengine wengi wenu hamjapata kumsikia akitajwa darasani, nawasalimu kwa heshima.

Kiswahili kina neno moja linalonifaa kuanzia, nalo ni nafasi. Tukiambiwa kwamba hapa hakuna nafasi, huenda maana yake ni kuwa mahali pamejaa. Tukimwomba mtu tuzungumze naye naye akajibu kwamba hana nafasi, tunajua kuwa hana wakati. Na kijana akirudi nyumbani jioni na kusema amekosa nafasi, mama yake haulizi ni nafasi gani, kwa sababu anaelewa mara moja kuwa mlango wa kazi au wa shule umefungwa. Wazee waliotuachia lugha hii waliona kuwa mahali, wakati na fursa vinaweza kukaa ndani ya neno moja bila kugombana. Mtu ninayemzungumzia leo hakujua Kiswahili kabla ya kufika pwani hii, lakini alitumia zaidi ya miaka 50 ya kusoma, kufundisha na kuandika akionyesha jambo hilohilo: kwamba pale mtu anapokaa katika nchi yake, umbali uliopo kati yake na shule, hospitali, soko na ofisi ya serikali, ndipo kwa sehemu kubwa panapoamuliwa atahesabiwa kuwa mtu wa thamani gani.

Mtu huyo ni Milton Santos, Mbrazili, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1926 na kufariki tarehe 24 Juni 2001. Mwaka 2026 ndio unaotimiza miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, na hiyo peke yake ingekuwa sababu ya kutosha ya kumkumbuka. Lakini sisi tunayo sababu nyingine iliyo karibu zaidi, kwa kuwa kati ya mwaka 1974 na 1976 alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipita kwetu, akafundisha, akaondoka, na sisi tukaendelea kusomesha jiografia ya miji kwa vitabu vya watu ambao hawakuwahi kuuona mji wa kwetu hata siku moja. Jambo hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niombe kusimama mbele yenu.

Alizaliwa Brotas de Macaúbas, mji mdogo wa bara katika jimbo la Bahia, kwenye nyanda za juu ziitwazo Chapada Diamantina. Baba na mama yake wote wawili walikuwa walimu wa shule ya msingi. Zingatieni mwaka: utumwa ulifutwa Brazili tarehe 13 Mei 1888, miaka 38 tu kabla ya mtoto huyu kuzaliwa, na familia yake ilikuwa ya watu weusi katika nchi iliyopokea Waafrika watumwa wengi kuliko nchi nyingine yoyote, wapatao milioni 4.8. Katika hali hiyo, nyumba yenye walimu wawili weusi ilikuwa kitu adimu. Wazazi walimfundisha wenyewe nyumbani, hesabu, Kifaransa na adabu za kuishi na watu, na alipofika umri wa miaka 10 akapelekwa shule ya bweni mjini Salvador, mji mkuu wa jimbo. Akiwa bado kijana mdogo, alikuwa tayari akiwafundisha wenzake hesabu, na baadaye jiografia.

Alipenda kuwa mhandisi. Watu wa karibu naye walimshauri aache, kwa sababu shule ya uhandisi ya wakati ule ilijulikana kuwa haiwapokei vizuri watu weusi, basi akaingia sheria na kuhitimu mwaka 1948. Uanasheria hakuufanyia kazi. Alikwenda Ilhéus, mji wa bandari kusini mwa Bahia, kufundisha jiografia katika shule ya sekondari, na papo hapo akawa mwandishi wa gazeti la A Tarde. Ilhéus ilikuwa nchi ya kakao. Huko aliona mashamba makubwa ya watu wachache, vibarua wengi, na zao ambalo bei yake ilipangwa mbali, ng'ambo ya bahari, na watu wasiojua hata mti wa kakao unafananaje. Kitabu chake kuhusu eneo la kakao kilitoka mwaka 1955. Mwalimu wa sekondari aliyeandika kitabu kuhusu wilaya anayofundisha! Nawaomba walimu vijana mlioko hapa mlishike jambo hilo, kwa sababu hakungoja kuwa profesa ndipo aanze kuchunguza.

Mwaka 1958 alipata shahada ya uzamivu huko Strasbourg, Ufaransa, chini ya Jean Tricart, bingwa wa jiomofolojia, yaani elimu ya maumbile ya uso wa nchi. Lakini hakuandika juu ya mito wala milima ya Ufaransa. Aliandika juu ya katikati ya mji wa Salvador. Hapa naomba tukae kidogo, kwa kuwa mbegu ya kila alichokifikiri baadaye imo humu.

Salvador ulijengwa na Wareno mwaka 1549, ukawa makao makuu ya koloni lao hadi mwaka 1763. Umekaa juu ya ukingo mkali wa mwamba unaoitazama ghuba, kwa hiyo mji uko mara mbili: kuna Mji wa Juu, wenye majengo ya serikali, makanisa na makazi, na kuna Mji wa Chini, wenye bandari, benki na maduka ya jumla. Tangu mwaka 1873 miji hii miwili imeunganishwa na lifti kubwa iitwayo Lacerda, ambayo humpandisha mtu mita 72 hivi kutoka kwenye harufu ya gati hadi kwenye uwanja wa watawala. Juu kule kuna mtaa wa Pelourinho. Jina hilo maana yake ni nguzo ya kuadhibia watu, na ni kweli kwamba hapo watumwa walifungwa na kuchapwa hadharani. Kandokando yake matajiri wa sukari walijenga majumba ya ghorofa yenye vigae, dari za mbao na vibaraza vya chuma.

Santos alipouchunguza mtaa huo katika miaka ya 1950, matajiri walikuwa wamekwisha kuhama. Walikwenda kujenga katika mitaa mipya ya kusini, upande wa bahari, na majumba yale ya mababu zao yalikuwa yamegawanywa kwa mbao na mapazia yakawa vyumba vidogo vya kupanga, familia nzima katika kila chumba. Waliokuwa wakikaa humo walikuwa maskini waliohitaji kulala karibu na bandari na soko, kwa sababu kazi yao ilikuwa ya kuokoteza siku kwa siku na nauli ya kutoka mbali wasingeiweza. Hatua chache kutoka hapo yalikuwa yakiinuka majengo mapya ya ofisi. Mtu mwingine angeliona jambo hili kuwa uchakavu tu wa mji, akaandika kwamba majumba yanahitaji kukarabatiwa. Yeye aliuliza nani anakaa wapi, kwa nini, na nani ananufaika.

Baadaye sana alilipa jina jambo aliloliona pale. Alisema uso wa nchi una makunyanzi. Kila zama hujenga vitu kwa mahitaji yake, barabara, bandari, majumba, mashamba, kisha zama hizo hupita na vitu vyake hubaki, na watu wa zama zinazofuata hulazimika kuishi navyo, kuvitumia kwa namna nyingine au kuvizunguka. Kama makunyanzi ya uso wa mzee yanavyoeleza alicheka wapi na alilia wapi, ndivyo majumba ya Pelourinho yalivyoeleza sukari, utumwa, kuhama kwa matajiri na kuingia kwa wapangaji. Mimi huona kuwa hili ndilo wazo lake linalofundishika kwa urahisi kuliko yote, kwa sababu mwanafunzi hahitaji kitu chochote isipokuwa kutoka nje ya darasa na kutazama.

Aliporudi Bahia alianzisha, mwaka 1959, maabara ya jiomofolojia na tafiti za kimaeneo katika chuo kikuu cha huko. Mwaka 1960 alikwenda Kuba katika msafara wa Jânio Quadros, aliyekuwa akigombea urais na aliyeushinda mwaka huohuo, na kabla ya mwaka 1964 alikuwa akiongoza tume ya mipango ya uchumi ya jimbo lake. Alikuwa na miaka 37, mwanachuoni mwenye gazeti mkono mmoja na mipango ya serikali mkono wa pili. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 1964, jeshi likaipindua serikali ya Brazili. Santos alikamatwa, akawekwa kizuizini kwa karibu miezi mitatu, afya yake ikadhoofika, na alipoachiliwa akaondoka nchini kabla mwaka haujaisha. Alikwenda Ufaransa, ambako wanajiografia wenzake walikuwa wamemtafutia kazi. Hakuwa peke yake. Josué de Castro, mwandishi wa jiografia ya njaa ambaye vitabu vyake ndivyo vilivyomvuta Santos kwenye fani hii tangu ujana, naye alinyang'anywa haki zake za kisiasa mwaka huohuo na akafia Paris mwaka 1973 bila kuruhusiwa kurudi kwao.

Kukaa uhamishoni kulidumu karibu miaka 13. Alifundisha Toulouse, Bordeaux na Paris, kisha akavuka bahari kwenda Marekani katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, akaenda Toronto huko Kanada, akaenda Lima huko Peru na Caracas huko Venezuela, akaja Dar es Salaam, na mwisho akafundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York. Orodha hii ukiisoma kwenye wasifu wa mtu inapendeza, na kijana anaweza kuitamani. Lakini itazameni kwa jicho la mwenye nyumba: kila mji ni mkataba wa mwaka mmoja au miwili, kila mkataba ukikaribia kwisha ni barua za kutafuta mwingine, vitabu vinafungwa tena kwenye maboksi, na kila mahali mtu anaanza upya kueleza yeye ni nani. Mwanajiografia aliyesoma namna mahali panavyompa mtu thamani alijikuta yeye mwenyewe hana mahali.

Hata hivyo, kutangatanga huko kulimpa kitu ambacho asingekipata kwa kukaa Salvador. Aliiona miji mingi ya nchi maskini kwa macho yake, na aliiona akiwa karibu na vyuo vya nchi tajiri vilivyokuwa vikiiandikia nadharia. Akagundua kuwa nadharia hazikuwa zikieleza kile alichokuwa akikiona barabarani. Wakati ule mtindo ulikuwa kuugawa uchumi wa mji katika vipande viwili, kimoja cha kisasa na kingine cha kijadi, na kudhani kuwa kile cha kijadi kitayeyuka chenyewe maendeleo yakifika. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti kuhusu Kenya, ambayo ilieneza ulimwenguni jina la sekta isiyo rasmi, na ripoti ile ilikuwa na wema wake kwa kuwa iliwatazama wachuuzi na mafundi kama watu wanaofanya kazi. Santos alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1975, na kwa Kireno na Kiingereza mwaka 1979, alieleza kuwa uchumi wa miji hii unakwenda kwa mizunguko miwili, wa juu na wa chini, na kwamba yote miwili imezaliwa na mama mmoja.

Mzunguko wa juu ni wa benki, viwanda vikubwa, biashara ya nje, mashirika ya ndege, maduka yenye bei zilizobandikwa. Unahitaji mtaji mwingi na watu wachache. Mzunguko wa chini unahitaji watu wengi na mtaji kidogo, na namna unavyofanya kazi inaonekana vizuri ukimfuata mtu mmoja kwa siku moja. Mfuateni mama anayeuza matunda. Alfajiri anafika kwa mwenye mzigo hana kitu mkononi. Anapewa masanduku mawili kwa mali kauli: hakuna fomu, hakuna hati ya nyumba, dhamana yake ni uso wake na kwamba kwao kunajulikana. Mchana kutwa anauza kwa kupatana, huyu bei hii, yule bei nyingine, na matunda yakianza kulainika anashusha. Kikapu kikichanika anakishona, kopo tupu la rangi analigeuza kuwa kipimo, na gazeti la jana ndilo la kufungia. Jioni anarudi kulipa deni, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto na nauli ya kesho. Santos aliyaweka mambo hayo yote katika lugha ya nadharia: mkopo wa mtu kwa mtu badala ya wa benki, bei ya kupatana badala ya bei maalumu, faida kubwa kwa kila kitu kimoja lakini mauzo kidogo, gharama za kudumu karibu hakuna, matumizi ya vitu vilivyokwisha kutumika, na msaada wa serikali karibu hakuna.

Lakini kiini cha hoja yake kiko kwa yule mwenye mzigo. Yeye ana mguu mmoja benki na mwingine sokoni. Anakopa juu kwa riba inayoandikwa, anakopesha chini kwa riba isiyoandikwa, iliyofichwa ndani ya bei, na lori lake ndilo linalounganisha shamba, ghala na genge. Kwa hiyo mama yule hayuko nje ya uchumi wa kisasa hata kidogo. Yumo ndani yake, sehemu ya chini, na kiasi fulani cha jasho lake hupanda juu kila jioni. Umaskini wa mji ule, alisema Santos, haukutokana na usasa kuchelewa kufika, bali na namna usasa ulivyofika, ukichukua mtaji na masoko na kuajiri watu wachache, hata wengine wote wakalazimika kujibunia riziki. Ninaposikia hadi leo mtu akisema kwamba wachuuzi ni masalia ya zamani ambayo mji wa kisasa unapaswa kuyafagia, najua kuwa hajaisoma hoja hii, au ameisoma akaamua kutoielewa.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyakamilisha alipokuja kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimejitegemea tangu mwaka 1970, na kilikuwa kituo cha mijadala iliyowavuta wasomi kutoka pande nyingi za dunia. Nchi nayo ilikuwa katika zoezi kubwa la kijiografia kuliko yote iliyowahi kuyafanya: Operesheni Vijiji ilikuwa ikiwahamisha mamilioni ya watu kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vilivyopangwa, na mwaka 1973 ilikuwa imeamuliwa kuwa makao makuu yahamie Dodoma. Mgeni huyu alitoka nchi ambayo nayo ilikuwa imehamisha makao yake makuu kutoka pwani kwenda bara, mwaka 1960, kwa kuujenga mji wa Brasília mahali palipokuwa karibu patupu. Ni wanajiografia wachache sana waliopata kuziona nchi mbili zikijaribu kujipanga upya kwa kusogeza watu na miji juu ya ramani, na mimi siwezi kuisoma kazi yake ya baadaye kuhusu nguvu ya dola juu ya nafasi bila kukumbuka kuwa miaka miwili ya maisha yake aliipitisha katika mji huu.

Alirudi Brazili mwaka 1977. Jeshi lilikuwa bado linatawala, na msamaha kwa waliofukuzwa ulikuja miaka miwili baadaye. Sababu ya kurudi haikuwa ya kisiasa wala ya kitaaluma: mkewe, Marie-Hélène, alikuwa mjamzito, na Santos alitaka mtoto wao azaliwe Bahia. Mtoto akazaliwa Bahia. Kazi, lakini, haikupatikana upesi. Mtu aliyefundisha katika vyuo vya mabara manne alikaa miaka akifanya kazi za ushauri za hapa na pale kabla ya kufundisha Rio de Janeiro kuanzia mwaka 1979, na ilimpasa kungoja hadi mwaka 1984, akiwa na miaka 58, ndipo apate kiti cha uprofesa katika Chuo Kikuu cha São Paulo. Katikati ya kungoja huko, mwaka 1978, alitoa kitabu kilichodai jiografia mpya. Alilalamika humo kwamba wanajiografia walikuwa wamezama katika takwimu na mifano ya hesabu hata fani yenyewe imekuwa mjane wa nafasi, imefiwa na kile ilichoolewa nacho. Wanafunzi wa Brazili walikisoma kitabu hicho kwa kiu, na mwendo mzima wa jiografia ya nchi yao ukabadilika.

Mwaka 1987, utawala wa kijeshi ukiwa umekwisha na Wabrazili wakiandika katiba mpya iliyokamilika mwaka uliofuata, aliandika juu ya nafasi ya raia. Hoja yake ni ile niliyoanza nayo. Watu wawili wenye elimu moja, kazi moja na mshahara mmoja hawalingani kama mmoja wao anakaa penye zahanati, maji ya bomba na basi, na mwenzake anakaa ambako hivyo vyote ni safari. Mmoja ni raia zaidi ya mwingine, ingawa katiba imewaandika sawa. Mimi huwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza zoezi dogo linalotokana na hoja hiyo: kila mmoja achore njia ambayo maji hupita mpaka yafike jikoni kwao, na aandike ni nani anayeyabeba na kwa muda gani. Ramani zile zikibandikwa ukutani pamoja, darasa hunyamaza. Kuna njia yenye urefu wa mita tatu, na kuna njia inayopita karatasi ya pili.

Mwaka 1996, mwaka ambao umri wa miaka 70 ulimlazimu kustaafu, alichapisha A Natureza do Espaço, yaani Asili ya Nafasi, kitabu alichokitafakari kwa miaka mingi. Humo anasema nafasi ni mifumo ya vitu na mifumo ya vitendo visivyotengana. Bwawa la umeme ni kitu, sheria inayosema umeme uende wapi ni kitendo, na jiografia huanza pale unapokataa kukitazama kimoja bila kingine. Ni kitabu kigumu. Nimekisoma mara tatu, na mara ya tatu ndipo niliposhika vizuri kwamba yeye hakutaka kutoa tafsiri ya kamusi bali chombo cha kazi.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1994, alikuwa amepewa tuzo ya Vautrin Lud, ambayo wanajiografia huiona kuwa ndiyo heshima yao ya juu kabisa. Alikuwa wa kwanza kuipata kutoka nchi za kusini mwa dunia, na ilipita miaka mingi hadi mwaka 2017 ndipo Akin Mabogunje wa Nigeria naye alipoipokea. Tuzo hiyo hutolewa Saint-Dié-des-Vosges, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa, ambako mwaka 1507 wanachuoni wachache, Vautrin Lud akiwa mlezi wao, walichapisha maandishi na ramani zilizobeba kwa mara ya kwanza jina Amerika. Basi pale ambapo Ulaya iliipa Amerika jina, mjukuu wa Waafrika waliosafirishwa kwa nguvu kwenda Amerika ileile alisimama akatunukiwa kwa kuwafundisha watu namna ya kuisoma dunia.

Heshima hizo hazikumnyamazisha. Katika miaka yake ya mwisho aliandika magazetini mara kwa mara, na mwaka 2000 aliandika wazi juu ya kuwa mtu mweusi Brazili, kwamba elimu na sifa za nje hazimwondolei mtu mweusi mtazamo anaokutana nao barabarani. Mwaka huohuo alitoa kitabu kuhusu utandawazi, akitofautisha utandawazi wa hadithi tunazosimuliwa, utandawazi wa kikatili tunaoishi nao, na ule mwingine unaowezekana. Matumaini yake hakuyaweka kwa wenye kasi. Aliandika kuwa katika mji mkubwa nguvu iko kwa watu wa mwendo wa polepole, maskini na wahamiaji, kwa sababu mwenye gari na haraka huona picha tu zikipita, na anayetembea kwa miguu ndiye anayelazimika kuujua mji ulivyo.

Kitabu chake cha mwisho kilitoka mwaka 2001, alichokiandika pamoja na María Laura Silveira, mwanajiografia wa Argentina. Walikusanya habari za barabara, viwanja vya ndege, benki, simu na mashamba, wakaigawa Brazili upya katika sehemu nne: eneo la mkusanyiko la kusini na kusini mashariki, Kati-Magharibi, Kaskazini Mashariki na Amazonia, na wakaonyesha kwamba ndani ya nchi moja kuna mahali panapoamuru na mahali panapotii. Santos alikuwa akiugua saratani, na alifariki mjini São Paulo, ndani ya eneo lile la mkusanyiko, akiwa na umri wa miaka 75. Bahia yake, pamoja na kakao ya Ilhéus, lifti ya Lacerda na vyumba vya Pelourinho, imo katika ramani hiyo upande wa Kaskazini Mashariki.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.